Suruali ya Theluji Katika Mvua ya Suna

Belo la nguo za baridi likifunguliwa sokoni Migori, makoti ndiyo hugombaniwa kwanza. Suruali hubaki chini. Baadhi yake ni za ajabu kidogo: huchakacha zikikunjwa, zina zipu ndefu upande wa ndani wa mapaja, na ndani ya kila mguu mna mguu mwingine mfupi wa kitambaa chepesi chenye lastiki. Mchuuzi huzirundika pamoja na trakisuti. Mnunuzi asiyezijua hubonyeza kitambaa kwa vidole, akachagua iliyo nene kuliko zote.

Hizo ni suruali za skii, zilizoshonewa watu wanaoteleza juu ya theluji huko Austria, Ufaransa au Kanada. Wengi wa wenyewe wa kwanza ni watu wa likizo, wanaozivaa siku chache kwa mwaka, kwa hiyo nyingi hutufikia zikiwa karibu mpya. Suna, eneo letu la Migori, haina theluji. Mji wa Migori uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na theluji ya kudumu iliyo jirani nasi, ile ya Mlima Kenya wenye mita 5,199, inazidi kupungua. Hata hivyo, naamini kwamba suruali hiyo ni mojawapo ya nguo bora za mvua ambazo mwanabodaboda wa Migori au Homa Bay anaweza kuzipata kwa bei ya mtumba. Sharti ni moja: aijue. Suruali inayofaa Suna karibu kila mara si ile nene.

Tuanze na mvua yenyewe, maana ndiyo adui. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukubwa huo hulipa uwezo wa kujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana, ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi hupaa, na upepo wa ziwani wenye mvuke mwingi huingia kujaza nafasi. Upepo huo husonga kuelekea mashariki hadi unapogongana na pepo zinazotoka upande wa nyanda za juu za Kisii na Kericho. Hapo zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na mawingu hurundikana. Ndiyo maana asubuhi ya Migori huweza kuwa na jua la kuchoma na saa kumi jioni ngurumo zikatanda. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hurudi ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi wa omena wa Muhuru na Karungu wakiwa na taa zao katikati ya maji. Huko juu Kericho mvua hiyo hiyo hushuka mara nyingi ikiwa mawe ya barafu, na wakulima wa chai wanazijua hasara zake.

Kwa hiyo mwanabodaboda anayempeleka abiria kutoka Migori hadi Isebania, au kutoka Homa Bay hadi Mbita, huondoka steji kukiwa na jua na kunyeshewa nusu ya njia. Kifua chake kina koti. Mapaja yake, ambayo ndiyo yanayoukabili upepo moja kwa moja, yamefunikwa na jinzi.

Jinzi ikiloa, hesabu ya joto hubadilika vibaya. Ili gramu moja ya maji igeuke mvuke, inahitaji nishati ya jouli 2,400 hivi. Jinzi ya mtu mzima iliyolowa chepechepe hubeba nusu lita ya maji bila shida. Upepo wa pikipiki ukiyakausha maji hayo kwa saa moja, nishati itakayotumika ni kama jouli milioni 1.2, yaani wastani wa wati 300 na ushei. Mwili wa mtu aliyekaa huzalisha joto la kati ya wati 100 na 150 tu. Si joto lote la kukausha hutoka mwilini. Sehemu hutolewa na hewa. Hata hivyo, hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mtu hutetemeka meno yakigongana katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, joto ambalo akiwa nyumbani angeketi na fulana.

Kuna jambo la pili. Nguo haizalishi joto. Inachofanya ni kushikilia hewa iliyotulia karibu na ngozi, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mvua ikiingia kwenye kitambaa huifukuza hewa ile na kukaa mahali pake. Upepo nao, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huipeperusha iliyobaki. Hivyo kazi ya kwanza ya suruali ni kuzuia maji, ya pili ni kuzuia upepo, na unene hufuata nyuma kabisa.

Mchezo wenyewe wa theluji unatufundisha hilo, na Kenya ina watu wake humo. Mwaka wa 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati, alishiriki skii za masafa, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa bado anamsubiri penye utepe ili amkumbatie. Wengi wanaikumbuka picha ile kwa ajili ya utu uliokuwamo. Mimi naomba tuitazame pia kwa ajili ya mavazi. Wote wawili walikuwa wamevaa nguo nyembamba za kubana kama za mkimbiaji, katikati ya theluji, kwa sababu mtu anayesukuma skii kwenye tambarare na vilima huzalisha joto mara nyingi kuliko aliyeketi, na angevaa suruali nene angelowa jasho. Miaka 20 baadaye, huko PyeongChang, Korea Kusini, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo. Yeye alishiriki skii za kuteremka mlima, mchezo ambao mteremko na uzito wa mwili ndivyo vinavyotoa mwendo na upepo ndio mpinzani.

Mwanabodaboda hafanani na yeyote kati yao. Anafanana na mtalii wa kawaida wa skii wakati anapopandishwa mlimani kwa kiti kinachoning'inia kwenye kebo: ameketi, hafanyi kazi ya misuli, upepo unampiga mapajani, na kiti chenyewe kina maji. Washonaji wa suruali za skii walimfikiria sana mtu huyo wa kwenye kiti. Bila kujua, walimfikiria pia mtu wa steji ya Suna.

Sasa tuufungue mshono. Suruali nzuri ya aina hii ina tabaka la nje la nailoni au poliesta, na chini yake utando mwembamba unaozuia maji lakini unaopitisha mvuke. Utando mashuhuri zaidi ni wa Gore-Tex. Asili yake ni plastiki iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka wa 1938, ambayo wengi wetu tunaijua kwenye sufuria zisizoshika ugali. Mwaka wa 1969 Bob Gore, baada ya kujaribu kuivuta polepole bila mafanikio, aliivuta kwa ghafla ikiwa ya moto. Badala ya kukatika, ilitanuka na kujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kila kitundu ni kidogo mno kwa tone la maji kupita, lakini ni kikubwa cha kutosha kwa molekuli ya mvuke wa jasho. Suruali za bei nafuu hutumia poliyurethani badala yake, iliyopakwa upande wa ndani wa kitambaa. Ikiwa mpya, nayo hufanya kazi vizuri.

Mara nyingi lebo ya ndani huwa na namba mbili: 10,000 na 10,000, au 20,000 na 15,000. Ya kwanza ni uwezo wa kuzuia maji. Maabara husimamisha safu ya maji juu ya kitambaa na kuirefusha mpaka matone yajitokeze upande wa pili. Milimita 10,000 maana yake ni kitambaa kilichostahimili shinikizo la maji yenye kimo cha mita 10. Inaonekana kama kupita kiasi, lakini mtu wa kilo 70 akipiga magoti kwenye maji, uzito wake ukalalia eneo la sentimita za mraba 50 kwa kila goti, shinikizo la hapo ni sawa na safu ya maji ya mita 7. Fundi wa pikipiki anayepiga magoti kando ya gurudumu lililotoboka kwenye tope la Uriri hupata shinikizo hilo hilo.

Kwa pikipiki kuna hesabu nyingine ambayo mtengenezaji wa suruali ya theluji hakulazimika kuifanya. Tone kubwa la mvua hushuka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hulikabili kwa mita karibu 17 kwa sekunde. Ukizijumlisha kasi hizo kwa pembe mraba, tone hugonga paja kwa mita 19 kwa sekunde, na shinikizo lake kwa nukta hiyo hufikia lile la safu ya maji ya mita 18. Tone ni dogo na pigo ni la muda mfupi mno, kwa hiyo haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na safu inayosimama maabara. Ila matone ni maelfu, na hutua mahali pamoja, juu ya mapaja na pale kwenye zipu ya mbele. Theluji haifanyi hivyo. Hutua ikiwa kavu na kupukutishwa kwa mkono. Suruali yenye namba 5,000, ambayo mwenyewe wa kwanza aliisifu mlimani, huweza kuvuja kabla hujafika Awendo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usishuke chini ya 10,000, na ukiipata ya 20,000 usiiache.

Namba ya pili ni ya kupumua: gramu za mvuke zinazopita katika mita moja ya mraba kwa saa 24. Hii ndiyo inayopotosha zaidi. Kwanza, maabara hutumia njia mbalimbali, na kitambaa kile kile huweza kupewa namba zinazotofautiana sana, kwa hiyo 10,000 ya kampuni moja si lazima izidi 8,000 ya nyingine. Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, utando hausukumi mvuke. Mvuke hupita wenyewe kwa sababu shinikizo lake ndani ya suruali ni kubwa kuliko nje. Kwenye ngozi yenye jasho ya nyuzi 33, shinikizo la mvuke hufikia kilopaskali 5. Nje, kwenye theluji ya nyuzi 10 chini ya sufuri, ni kama 0.3 tu. Tofauti ni 4.7. Katika mvua ya Migori ya nyuzi 20, hewa imejaa unyevu na shinikizo la mvuke ni 2.3, tofauti hubaki 2.7. Suruali ile ile, mtu yule yule, lakini nguvu inayotoa jasho nje imepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapo ndipo zipu za mapajani zinapojieleza. Ziliwekwa ili mtelezaji aliyepata joto azifungue na hewa iingie. Kwa Suna nazihesabu kuwa muhimu kuliko namba ya pili ya kwenye lebo. Mvua ikikatika na jua likarudi, ambalo kwetu hurudi kwa ukali, mwendeshaji huzifungua bila kuvua suruali, na upepo ule ule uliokuwa ukimtesa humkausha. Makoti na suruali za plastiki zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huzuia mvua barabara, lakini hazina utando wala tundu. Baada ya nusu saa aliyezivaa amelowa jasho lake mwenyewe, kisha upepo humpoza kana kwamba mvua ilipita.

Kwa hoja hiyo hiyo naikataa suruali nene. Kati ya tabaka la nje na bitana, suruali nyingi za skii zina pamba ya poliesta iliyotandazwa. Huko zilikotoka inahitajika. Hapa, ambako hata alfajiri ya baridi huwa karibu nyuzi 16, kitu kinachozuia upepo na maji juu ya suruali ya kawaida kinatosha. Ile nene humchemsha mvaaji kuanzia saa tatu asubuhi, naye huivua na kuifunga kwenye keria, na mvua ya jioni humkuta bila kinga. Ikilowa ndani haikauki kwa siku moja ya masika. Nunua isiyo na pamba, yenye bitana nyepesi ya wavu au kitambaa laini, yenye nafasi ya kutosha kuivalia juu ya suruali yako. Nene waachie wenye kazi nayo: anayepanda usiku kuelekea Point Lenana, mita 4,985, au wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wengi wao hawana uwezo wa kununua mavazi mapya ya mlimani. Mjini Moshi, mradi unaojulikana kama KPAP huwaazima wapagazi nguo za namba hiyo bila malipo, na mzigo mkubwa wa nguo zake ni michango ya watu wa nchi za theluji.

Mvuvi wa usiku yuko katikati. Anakaa saa nyingi, upepo wa ziwani hauna kizuizi, na maji yako chini na juu. Pamba nyembamba humfaa. Lakini suruali iliyojaa maji ni mzigo kwa mtu aliyeanguka ziwani, na hakuna utando unaochukua nafasi ya jaketi la kuokolea maisha.

Ndani ya belo moja mna aina mbili, na kuzitofautisha kuna faida. Mchezo wa ubao wa theluji, ambapo miguu yote miwili hufungwa kwenye ubao mmoja, uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule kule Nagano mwaka wa 1998. Wachezaji wake huketi kwenye theluji kila wanapofunga viatu na kila wanapopumzika. Hivyo suruali zao ni pana, ndefu, na zimeongezwa kitambaa kigumu matakoni na magotini. Suruali ya skii ni nyembamba zaidi, na uimara wake uko kwingine: kiraka kigumu upande wa ndani wa kifundo cha mguu, mahali ambapo chuma cha ukingo wa skii ya mguu mmoja kingeweza kuikata suruali ya mguu wa pili.

Mwanabodaboda anatamani matako ya suruali ya ubao wa theluji na miguu ya suruali ya skii. Kiti cha pikipiki hushika dimbwi dogo, na mtu hulikalia kwa uzito wake wote, kwa hiyo kitambaa maradufu hapo ni baraka. Ila mguu mpana karibu na mnyororo ni hatari ya kweli. Ukipata ya ubao wa theluji, angalia kama pindo lina velkro au vifungo vya kulibana, na kama hakuna, fundi cherehani alipunguze kwa nje bila kugusa mguu ule mdogo wa ndani. Ya skii, kiraka chake cha kifundoni hukaa jirani na injini na hustahimili kusuguliwa.

Ule mguu mdogo wenye lastiki, ambao baadhi ya watu huukata wakidhani ni bitana iliyolegea, ndio ninaoupenda kuliko vyote. Ulikusudiwa kubana juu ya buti ya skii ili theluji isiingie. Uvute juu ya gambuti. Maji yakiteremka mguuni huteleza nje ya gambuti badala ya kujaa ndani yake, na kila aliyewahi kumwaga maji kutoka kwenye gambuti zake kando ya barabara anajua thamani ya jambo hilo.

Sokoni, geuza suruali nje ndani kabla ya kuuliza bei. Sindano ya cherehani huacha tundu kila inapopita, na suruali moja ina maelfu ya matundu hayo. Iliyo bora imefunikwa utepe mwembamba unaong'aa juu ya kila mshono. Nyingine zimefunikwa utepe kwenye mishono mikuu tu. Ikague mishono ya matakoni na ya katikati ya miguu, ndiko pikipiki inakoloweshea. Kisha pitisha kiganja juu ya upako wa ndani. Poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na joto pamoja na unyevu, na nguo iliyokaa miaka kabatini kisha ikasafirishwa kwenye kontena hadi Mombasa imepata vyote viwili. Ikinata, ikipukutika vipande kama ngozi iliyoungua, au ikitoa harufu kali ya uchachu, iache hata kama nje inapendeza. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Kama muuzaji anaruhusu, tengeneza kibonde kwa kitambaa, mimina maji kidogo ya chupa, usubiri dakika chache huku ukikisugua kwa kidole gumba kutoka chini. Kidole kikibaki kikavu, umepata. Na ukikuta kibandiko kidogo kigumu chenye neno RECCO kimeshonwa mguuni au kiunoni, usikitoe kwa kudhani ni alama ya wizi wa dukani. Ndani yake mna kifaa kisicho na betri kinachorudisha mawimbi ya redio yakiwa na masafa yaliyozidishwa mara mbili, ili waokoaji waweze kumtafuta mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji. Wazo lake lilitoka kwa Msweden Magnus Granhed, aliyempoteza rafiki katika poromoko huko Åre mwaka wa 1973. Suna hakina kazi, lakini ni dalili nzuri kwamba mshonaji aliwalenga watu wanaokwenda mahali pa hatari, na mara nyingi kitambaa chake ni cha daraja hilo.

Nyumbani, wengi huziharibu kwa kuzifua. Tabaka la nje limepakwa dawa inayofanya maji yajikunje kuwa matone na kuteleza. Sabuni nyingi ya unga na vilainishi vya nguo huacha utelezi unaoyavuta maji. Kitambaa cha nje hulowa, mvuke hukosa njia, ngozi huhisi unyevu, na mwenye suruali husema inavuja ilhali utando wake ni mzima. Tumia sabuni kidogo, suuza zaidi ya unavyoona inatosha, anika kivulini penye upepo. Joto la wastani huiamsha dawa hiyo: pasi yenye moto mdogo, juu ya kitambaa cha pamba, kwa muda mfupi. Pasi ya makaa ni vigumu kuipima, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Dawa hiyo ina upande wake mbaya, na ni haki ya mnunuzi kuujua. Kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa kemikali za florini ambazo haziozi ardhini wala majini. Mojawapo, inayoitwa PFOA, iliingizwa katika orodha ya kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm mwaka wa 2019, na suruali za zamani zilizomo kwenye mabelo yetu zilishonwa kabla ya hapo. Kuivaa juu ya suruali nyingine si jambo la kumtia mtu hofu. Kuichoma ni jambo jingine. Vipande vya kitambaa hiki visitumike kuwashia jiko wala kutupwa kwenye moto wa takataka, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Na nisiache kusema hili kwa uzito wake: suruali ya skii si vazi la kinga ya ajali. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi kati ya 220 na 260. Ikigusa ekzosi ya moto hutoboka papo hapo, na ikiburuzwa juu ya lami msuguano huweza kuiyeyusha hadi kwenye ngozi. Anayeivaa aendelee kuwa na kofia ya chuma na kizibao chake cha kung'aa. Rangi kali zinazodharauliwa sokoni, ile ya machungwa na ile ya kijani cha ndimu, zilichaguliwa ili mtu aonekane kwenye ukungu wa mlimani. Kwenye giza la mvua kati ya Rongo na Migori, nyeusi inayopendwa na wote humficha aliyeivaa mbele ya lori la miwa.

Nimemzungumzia mwendeshaji wakati wote, ilhali nyuma yake mara nyingi kuna mtoto anayepelekwa shule, magoti wazi, soksi zimelowa. Mtoto wa kilo 20 ana ngozi nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, takriban mara moja na nusu ya mtu mzima, na hupoteza joto kwa kiasi hicho hicho. Suruali za skii za watoto ndizo zinazofika zikiwa nzima kuliko zote, kwa kuwa mtoto wa Ulaya hukua na kuiacha baada ya msimu mmoja, na huku huuzwa rahisi maana wazazi hawajui ni za nini. Kwa mtoto unene si kosa kubwa. Safari ni fupi, naye huivua akifika darasani. Tafuta yenye kanda za mabegani zinazorefushwa, kisha uangalie ndani ya mguu, sentimita chache juu ya pindo. Nyingi zina mkunjo ulioshonwa kwa uzi wa rangi tofauti na mishono mingine. Uzi huo uliwekwa ili ukatwe. Mtoto akikua, ukate kwa wembe, uvute, na mguu wa suruali utarefuka kwa sentimita 4 au 5, za kutosha mwaka mwingine wa masika.